Jani lile lile, majibu mawili: simu inadanganywaje, na jicho linadanganywaje

Mama mmoja wa Umalila, Mbeya, anayelima viazi mviringo ameniuliza hivi: "Mwanangu, mtoto wangu kaniwekea kwenye simu programu ya kupima magonjwa ya majani. Juzi nimechuma jani zima kabisa, lina vumbi la barabarani tu, nikalipiga picha pale pale shambani ikaniambia ukungu, asilimia 98. Nikalibeba mpaka nyumbani nikaliweka juu ya ndoo nyeupe nikapiga tena, jani lile lile, ikasema zima. Nimelima viazi miaka 30, sijawahi kuona vumbi nikasema ukungu. Hii mashine inaona nini ambacho mimi sioni, au haioni kitu? Na jicho langu je, lenyewe halidanganywi? Nimsikilize nani?"

Shikamoo mama. Pole na kazi za shamba, na ahsante sana kwa swali, nimelisoma mara tatu maana hicho ulichofanya cha kupiga jani moja sehemu mbili ndicho tunachohangaika kuwafundisha vijana wafanye kabla hawajaamini programu yoyote na wengi wanasahau.

Nianze na jibu alafu maelezo yafuate. Kwa jinsi ulivyoeleza jani ni zima, hapo lisikilize jicho lako. Ila usije ukatoka hapa ukasema simu haina maana na jicho ndo kila kitu, kwasababu jicho nalo lina namna yake ya kudanganywa, na kwenye viazi hiyo namna yake mimi inaniogopesha kuliko hata hili la simu.

Sasa tuanze na simu. Simu haioni jani mama, inapokea namba. Picha ikiingia kwenye programu kwanza inapunguzwa, kipimo kinachotumika sana ni vidoti 224 kwa 224, na kila kidoti kina namba tatu, wekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Ukizidisha unapata namba 150,528. Basi, hizo tu. Hamna Umalila pale, hamna mvua ya juzi, hamna habari kwamba shamba la jirani limeungua kwa ukungu wiki iliyopita. Kinachofanyika ni kuzidisha na kujumlisha hizo namba kwa namna programu ilivyojifunza kutoka kwenye maelfu ya picha ambazo mtu alishaziandikia majibu, hii ukungu, hii zima, hii ukungu. Hakuna mtu aliyekaa nayo akaiambia tafuta doa, geuza jani, angalia utando mweupe kwa chini. Inajitafutia yenyewe chochote kinachotenganisha picha za kundi hili na za kundi lile, na kama hicho kitu hakihusiani kabisa na ugonjwa, inakichukua hicho hicho, na mtihani inafaulu.

Hili sio la kufikirika. Kuna mkusanyo mmoja maarufu wa picha za majani unaitwa PlantVillage, programu nyingi za majani duniani zimeanzia hapo. Mwaka 2016 watafiti Mohanty, Hughes na Salathé walichukua picha 54,306 za mkusanyo huo, mazao 14, magonjwa 26, wakaifundisha kompyuta, ikapata asilimia 99.35. Watu walifurahi na kweli ni kazi kubwa. Lakini watafiti hao hao, na nawaheshimu kwa kuliandika hili wazi, walipoijaribu kwa picha zilizopigwa kwenye mazingira mengine ikashuka mpaka kama asilimia 31. Kutoka 99 mpaka 31, magonjwa ni yale yale. Kwanini? Zile picha za mwanzo majani yalichumwa yakawekwa juu ya karatasi ya rangi moja, yakapigwa moja moja, kwa utulivu. Alafu mwaka 2022 ukafanyika utafiti mwingine ambao mimi huwa nausimulia kila nikipata nafasi: walichukua vidoti 8 tu kwa kila picha, vya pembeni, yaani jani lenyewe halipo, ni karatasi ya nyuma tupu, wakafundisha programu kwa hivyo vidoti 8. Ikapata asilimia 49. Kwa kubahatisha ingepata asilimia 2.6. Yaani mandharinyuma peke yake yalikuwa yanatoa siri ya jibu, kama mwanafunzi anayejua jibu kwa kuangalia rangi ya karatasi ya mtihani.

Sasa rudi kwenye ndoo yako. Ndoo nyeupe na kivuli cha nyumbani vimefanana na ile karatasi, shambani kuna udongo, magugu, jua kali, kidole chako kimo kwenye picha. Kwako wewe jani ni lile lile kwasababu umelibeba mwenyewe mkononi. Kwake zile ni picha mbili zisizojuana.

Na kuna kitu kingine. Kwenye mkusanyo huo huo viazi vina makundi matatu tu, bakajani tangulia picha 1,000, bakajani chelewa, ambayo nyie mnaita ukungu, picha 1,000, na majani mazima picha 152. Mia moja hamsini na mbili! Programu iliyokulia hapo imeona wagonjwa wengi kuliko wazima mara kumi na zaidi, kwahiyo ikikutana na kitu cha mashaka inaegemea ugonjwa. Na hiyo asilimia 98 usiichukulie kama vile mimi nikikuambia nina uhakika. Programu ya namna hii imelazimishwa kugawa asilimia 100 kwa majibu iliyopewa. Ukiipiga picha kandambili itaigawia kandambili yako ukungu au uzima, haina jibu la "hiki sio jani." Mwaka 2015 watafiti walitengeneza picha za chenga chenga tu, kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi, kompyuta ikazitambua kuwa wanyama kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99. Mtu yeyote akiangalia anaona chenga.

Sisi wenyewe imetukuta. Tulikuwa tunaandaa picha za majani ya viazi kwa ajili ya kufundishia, majani mazima tukayapiga mezani pale Uyole maana yalikuwa karibu, ya ukungu tukayafuata mashambani Isangati, siku ya mawingu. Programu ikawa inapatia karibu zote, tukapongezana. Mwenzetu mmoja akaipiga picha ile meza, bila jani, meza tupu, ikasema zima. Tulifuta kazi ya wiki nyingi na iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni kuwaza mkulima ambaye angeishika ile simu akaiamini.

Hapo bado hakuna mtu aliyekusudia kuidanganya. Ukikusudia ni balaa lingine kabisa. Mwaka 2013 mtafiti wa kompyuta Szegedy na wenzake waligundua kwamba unaweza kubadilisha picha kidogo mno, jicho la mtu lisione tofauti yoyote, na kompyuta ikabadilisha jibu. Mfano uliotangaa ni wa Goodfellow na wenzake mwaka uliofuata, picha ya panda, yule mnyama wa China mweusi na mweupe, kompyuta inasema panda kwa asilimia 57.7, wakaongeza chenga zisizoonekana, ikasema giboni, nyani mmoja wa Asia mwenye mikono mirefu, kwa asilimia 99.3. Mimi nimeziangalia hizo picha mbili zikiwa zimewekwa pamoja mara nyingi na sioni chochote mama, ni panda na panda.

Inawezekanaje? Fikiria mizani ya kupimia gunia. Ukiongeza punje moja ya mahindi mizani haitikisiki. Lakini namba ziko laki moja na nusu, na anayejua mizani ile inavyojumlisha anaweka kapunje kamoja kwenye kila namba, kila kapunje kakisukuma upande ule ule mmoja. Hakuna sehemu ya picha iliyobadilika kiasi cha kuonekana, ila jumla imelala upande. Jicho lako halijumlishi hivyo, ndo maana hizo punje hazikugusi.

Wakatoka kwenye picha wakaja kwenye vitu vya kushika. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walitengeneza kobe wa plastiki ambaye kompyuta ilikuwa inamuita bunduki karibu kila upande aliogeuzwa. Wengine wakabandika vipande vya stika kwenye kibao cha barabarani cha kusimama, kompyuta ikasoma kibao cha mwendo, wakati dereva yeyote anayeshuka Kitonga angeona ni kibao cha kusimama kilichochafuliwa na watoto. Hapo ndo tofauti ilipo wazi. Sisi uchafu tunautenga, tunasema hiki ni kibao na hiki ni uchafu juu yake. Ndo ulichofanya wewe na vumbi, ukasema hili ni jani na hili ni vumbi, vitu viwili. Kwa mashine ni namba zilizochanganyika pamoja, hamna juu wala chini.

Kuna jaribio lingine la watafiti akina Geirhos nalipenda kwasababu linagusa vumbi lako moja kwa moja. Walichukua umbo la paka wakalivalisha ngozi ya tembo. Watu wakasema paka. Kompyuta zikasema tembo. Yaani sisi tunafuata umbo, zenyewe zinafuata ngozi, mikwaruzo, madoa doa, jinsi uso wa kitu ulivyo. Sasa jani la kijani lenye madoa ya vumbi la rangi ya kahawia, na kinachoangaliwa ni uso tu... unaona mwenyewe linapoelekea.

Sasa jicho lako. Umeuliza lenyewe halidanganywi? Linadanganywa sana mama, kila siku, ila kwa njia nyingine kabisa. Chukua picha ya reli ya TAZARA inavyokwenda mbali, zile chuma mbili zinavyokaribiana kule mbele, chora juu yake mistari miwili mifupi ya kulala iliyolingana, mmoja karibu mmoja mbali. Wa mbali utauona mrefu. Pima na rula, ni sawa. Angalia tena, bado mrefu. Hili lina zaidi ya miaka mia moja linajulikana, linaitwa kwa jina la Mario Ponzo wa Italia, na kulijua hakukuponyi. Jicho linakwambia kitu cha mbali kinachoonekana ukubwa huu lazima ni kikubwa zaidi, na kwa maisha ya kawaida ni kweli, ndo maana hukosei kumjua ng'ombe wa ng'ambo ya bonde kwamba ni ng'ombe na sio mbuzi. Mwezi ukichomoza nyuma ya mlima unauona mkubwa kama sinia, ukiupiga picha na simu inatoka kidoti. Hapo simu ndo imesema ukweli. Au nenda maporomoko ya Kaporogwe kule Rungwe, yatazame maji yanavyoshuka dakika nzima bila kuhamisha macho, alafu hamishia kwenye jiwe la pembeni, utaliona linapanda juu. Halijapanda popote, sehemu ya ubongo inayopima kitu kinachoshuka imechoka.

Unaona tofauti? Mashine inadanganywa kwakuwa imeona picha na haijui dunia. Wewe unadanganywa kwasababu unaijua dunia mno, ubongo wako haungoji jicho limalize, unakamilisha wenyewe kutokana na ulivyozoea.

Na hapa ndo pananiogopesha. Mwaka 1999 wanasaikolojia Simons na Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanarushiana mpira, wakawaambia hesabuni timu ya nguo nyeupe inapasiana mpira mara ngapi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anasimama, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watu hawakumuona kabisa. Utasema hao ni watu wa kawaida. Haya, mwaka 2013 watafiti wengine wakachukua madaktari 24 bingwa wa kusoma picha za mapafu, wakawapa picha watafute vivimbe, ndani ya picha wakaweka mchoro wa sokwe mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumuona. Macho ya baadhi yao yalipita juu yake kabisa. Ujuzi wao ndo uliwaelekeza kutafuta kivimbe, na sokwe hakuwa kwenye orodha.

Wewe una miaka 30, huo ni ubingwa na naamini kabisa kwamba hutachanganya vumbi na ukungu. Ila fikiria shina limelegea mchana wa jua kali. Mkulima mzoefu anasema hiki kina kiu, au kuna mdudu kwenye mzizi, maana ameliona hilo maelfu ya mara. Kumbe ni mnyauko wa bakteria umeingia, na majani bado ni ya kijani, hayana doa hata moja. Jicho limekamilisha habari kwa mazoea na shamba linaendelea kuambukizana, na mbegu inatolewa humo humo kwa ajili ya msimu ujao. Huu ugonjwa hauna dawa ya kupulizia. Dawa ya jicho hapo ni kulipa kitu kingine cha kuangalia: kata shina karibu na chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi uzi mweupe kama maziwa unashuka kwenye maji, ni mnyauko, hamna kubishana.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye nani wa kumsikiliza. Kuna utafiti wa 2018 ambao walichukua zile picha za kudanganyia mashine wakawaonyesha watu kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na watu nao wakaanza kukosea kuelekea huko huko mashine zilikokosea. Sio kwa kiasi kile cha mashine, ila walivutwa. Kwangu mimi hili lilibadilisha jinsi ninavyofikiri kuhusu kazi yangu. Maana yake sehemu ya nguvu yako sio jicho lenyewe, ni kwamba unapata muda wa kurudia. Unasogea, unainamisha kichwa, unageuza jani, unalipangusa na kidole, unanusa, unaangalia shina la pili. Simu imepewa mtazamo mmoja, imekadiria, basi. Nayo ukiipa mitazamo mingi inakuwa bora, ila mtu wa kuipa ni wewe.

Kwahiyo nimsikilize nani? Wachukulie kama mashahidi wawili walioona tukio kutoka pande tofauti. Uzuri wao ni kwamba hawadanganywi na kitu kimoja. Vumbi, ndoo, kivuli, kidole, hivyo vinaidanganya simu na wewe havikupati. Mazoea, uchovu, hofu ya kuona shamba la jirani limeungua, hivyo vinakupata wewe na simu havijui. Wakikubaliana wote wawili hapo una kitu kizito. Wakipishana, ndo unatakiwa kusimama.

Ila angalia usitafute shahidi wa pili ambaye ni yule yule. Watu wengi simu ikiwatia mashaka wanapakua programu ya pili, ikisema vilevile wanaamini. Programu mbili zinaweza kuwa zimefundishwa picha zile zile, na hata zikiwa zimefundishwa tofauti, kitu kinachodanganya moja mara nyingi kinadanganya na nyingine, hili limepimwa mara nyingi sana. Sawa na kumuuliza jirani mliyesimama naye sehemu moja mkiangalia reli ile ile, naye atasema mstari wa mbali ni mrefu.

Ukipiga picha, lipanguse jani kwanza kwa kitambaa chenye maji, lisubiri likauke. Piga tatu au nne, moja juani, moja kivulini, moja juu ya ndoo yako, moja likiwa bado kwenye shina. Jani halijabadilika, kwahiyo jibu lisibadilike. Likibadilika, zile asilimia zisahau zote, hata ile kubwa kuliko zote, maana kilichokuwa kinapimwa sio jani. Alafu piga na upande wa chini, ingawa programu nyingi zimezoea upande wa juu, hiyo ya chini ni kwa ajili yako na bwana shamba wenu ukimtumia. Ukungu wa kweli asubuhi yenye unyevu unaacha utando mweupe chini ya jani, kandokando ya doa, na doa lenyewe ni la kahawia nyeusi limezungukwa na kijani iliyopauka. Lile la bakajani tangulia lina miduara ndani ya miduara. Vumbi halina hata kimoja, na linatoka na maji.

Ratiba yako ya dawa za kinga kipindi hiki cha mvua na baridi iendelee kama mlivyopangiwa, usiiache kwasababu simu imesema zima na usiiongeze kwasababu simu imesema ukungu. Ugonjwa huu ukishika unaweza kumaliza shamba ndani ya wiki moja au mbili, kwahiyo sikuambii udharau.

Na ikitokea umelipangusa jani, umepiga picha zote nne, zote zinasema ukungu, na wewe jicho lako linasema zima kabisa, hapo usishindane nayo na usiitii. Chomeka kijiti pembeni ya shina hilo ulikumbuke, kesho asubuhi kabla umande haujakauka rudi uligeuze jani uangalie chini, na kesho kutwa tena.